Kufuli la Shilingi 15,000: Kisa cha Mwenye Nyumba na Mpangaji Wake Nzuguni

Mama mmoja mwenye nyumba alikuja kwangu Alhamisi, siku moja baada ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024, akiwa na kufuli jipya ndani ya mkoba. Alilinunua shilingi 15,000. Hakuja kutaka ushauri. Alitaka nimwambie tu saa ipi ni salama zaidi kulifunga kwenye mlango wa mpangaji wake, fundi marumaru aliyekuwa anadaiwa kodi: asubuhi fundi akiwa saiti, au Jumapili familia nzima ikiwa kanisani.

Mimi ni msaidizi wa kisheria, kazi inayotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Si wakili, na simsimamii mtu mahakamani. Kazi yangu kubwa ni kusikiliza, kuandika karatasi zinazoeleweka, na kuwazuia watu wasifanye jambo la dakika kumi litakalowagharimu miaka miwili. Mama angekwenda kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa, ila wiki hiyo mwenyekiti mpya alikuwa ndiyo kwanza anaapishwa na wa zamani hataki tena kusikia habari za watu. Ndipo mjumbe wa nyumba kumi akamwelekeza kwangu. Mambo madogo yanayoweza kuwatambulisha wahusika nimeyabadilisha. Hesabu nimeziacha zilivyo.

Nyumba iko Nzuguni, upande wa mashariki wa jiji la Dodoma, si mbali na stendi kuu ya mabasi na Soko la Job Ndugai. Miaka ya nyuma sehemu kubwa ya huko ilikuwa mashamba na vichaka. Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, na Mji wa Serikali ukaanza kuinuka Mtumba, kila mwenye kiwanja akatafuta tofali. Mama ni nesi mstaafu, mjane. Alipopata kiinua mgongo akajenga nyumba ya uani yenye wapangaji watatu: mwalimu, kijana wa bodaboda, na fundi marumaru mwenye mke na watoto wawili. Mbele ya kiwanja kuna vyumba viwili vinavyotazama barabara, ambavyo alitaka viwe vya biashara. Vilikuwa na bati na milango, sakafu bado ni zege tupu. Hivyo vyumba tutavirudia.

Fundi alihamia Machi 1, 2024. Chumba, sebule na choo cha ndani, shilingi 120,000 kwa mwezi, miezi sita mbele. Alikuwa ametoka kumaliza kazi kubwa, akahesabu 720,000 mezani bila kusitasita. Mkataba ulikuwa ile karatasi ya kununua steshenari, nafasi zimeachwa za kujaza kwa kalamu. Ulisema kodi italipwa miezi sita kabla. Haukusema itakuwaje ikichelewa, wala haukuwa na jina la mke popote.

Agosti ikaisha. Septemba 2 fundi akaja na 200,000 akaomba nyingine alete taratibu. Mama akazirudisha. Maneno yake, kama alivyonisimulia mwenyewe bila haya: "Nilimwambia lete yote au usilete. Mimi sikusanyi sadaka." Oktoba akaja na 150,000, nazo zikarudishwa. Novemba hakuja kabisa. Alianza kutoka alfajiri na kurudi usiku, na wakikutana bombani anainamia ndoo kama kuna kitu kimezama humo.

Hapo ndipo kisa hiki kilipo, na nilichelewa kukiona. Kwa mwezi wa Novemba fundi alikuwa na deni la miezi mitatu, 360,000. Kati ya hizo, 350,000 zilikuwa zimeshafika mlangoni kwa mama kwa miguu yake zenyewe, zikafukuzwa.

Sikumwambia hivyo siku ile. Mama mwenye hasira ukimwambia kosa ni lake atakwenda kutafuta mshauri mwingine, na wa karibu zaidi alikuwa mpwa wake aliyekuwa ameshapendekeza kuezua bati mbili juu ya chumba cha fundi. Mbinu hiyo ipo, watu wanaifanya, na mvua za Dodoma huanza Desemba. Nikamwomba karatasi na kalamu, tukapiga hesabu ya kumtoa.

Akimtoa, 360,000 zinaondoka naye. Mtu uliyemtolea vyombo nje harudi kulipa, na kumtafuta saiti moja baada ya nyingine ni nauli juu ya nauli. Nikauliza chumba kile kilikaa wazi muda gani kabla ya fundi. Akasita. Wiki saba. Alikuwa ametoka kuniambia kwamba Dodoma vyumba havilali, na kwa jumla ni kweli, ila cha kwake kililala wiki saba. Tukaandika miezi miwili: 240,000. Rangi, kitasa, na bomba la choo ambalo lazima liguswe kila mpangaji anapotoka: 130,000. Jumla 730,000. Yaani kumtoa fundi kungemgharimu elfu kumi zaidi ya ule mkupuo wa miezi sita aliokuwa anaudai. Na hapo hatujaweka shilingi moja ya baraza wala ya mwanasheria.

Alikaa kimya akiangalia ile karatasi. Kisha akasema dalali anaweza kuleta mtu kesho yake. Nikamjibu kwamba dalali anapata kodi ya mwezi mmoja kila mtu anapohama. Kwa hesabu ya dalali, mpangaji mzuri ni yule asiyekaa. (Nina ndugu dalali. Amesoma hili na hajakana.)

Kuhusu sheria nilimweleza kwa kifupi. Watu wengi bado wanadhani kuna chombo cha serikali kinachosimamia kodi za nyumba. Sheria ya kudhibiti kodi za pango ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo mwenye nyumba na mpangaji wanabanwa na mkataba wao, Sheria ya Mikataba, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999. Kwa kodi inayolipwa mwezi kwa mwezi, notisi haipungui mwezi. Ukitaka baraza, safari huanzia Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya mwaka 2021 haliamui tena bali linapatanisha. Likishindwa ndani ya siku 30, mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko kuna tarehe, na tarehe nyingine, na mwenyekiti ana udhuru, na tarehe nyingine. Kuhusu kufuli nilimwambia jambo moja tu. Siku ukifunga mlango, kila kilichomo ndani kinakuwa mikononi mwako. Fundi akisema kulikuwa na runinga ya inchi 43 na mashine mbili za kukatia marumaru, wewe utathibitishaje kwamba havikuwepo?

Nesi mstaafu anaelewa habari ya kukabidhiana vitu bila orodha. Akalirudisha kufuli mkobani.

Tulikutana Jumamosi jioni, Novemba 30, uani kwake chini ya mwarobaini. Nilisisitiza mambo mawili: mke wa fundi awepo, na mpwa asiwepo. Mjumbe alikuja kama shahidi, akakaa pembeni na soda yake.

"Shikamoo mama," fundi akasema, macho chini.

"Marahaba." Basi. Hakumkaribisha hata kiti, nikamkaribisha mimi.

Nimejifunza kutouliza "kwa nini hujalipa". Swali hilo lina jibu moja tu, nalo ni "hali ngumu", na likishatoka mazungumzo yameisha. Nilimwuliza fundi mara ya mwisho kushika zaidi ya laki moja ilikuwa lini na ziliishia wapi. Akafikiri. Akasema ni zile laki mbili za Septemba. Ziliporudishwa akakaa nazo siku tatu, kaka yake akaugua Mpwapwa, zikaenda nusu. Nyingine zikanunua unga, mafuta, na madaftari. Za Oktoba vilevile. Mama alinitazama mimi, si yeye.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Fundi hapokei mshahara. Anapatana na mkandarasi mdogo kwa mita ya mraba, na huyo mkandarasi mdogo naye anamsubiri mkubwa. Alikuwa anadai kazi iliyokwisha tangu Julai. Maana yake fedha zake huja kama mvua ya Dodoma: miezi mingi kavu, halafu siku moja mafuriko. Mwezi Machi aliingia kwenye nyumba hii siku ya mafuriko, na mama akadhani huyo ndiye mtu wa kulipa laki saba kila nusu mwaka.

Kijana wa bodaboda, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, ana chumba kimoja cha 60,000 na analipa kila mwezi. Hajawahi kudaiwa. Hakuna aliyemtaka miezi sita kwa sababu hakuna aliyemdhania kuwa nayo. Fundi alidaiwa miezi sita kwa kuwa ni mtu mzima mwenye familia. Heshima ndiyo iliyomponza.

Lakini mama naye alikuwa na sababu zake, na ningekuwa mwongo nisipozisema. Ana mkopo wenye marejesho kila mwezi, na mjukuu anayesoma bweni ambaye ada yake inatakiwa kabla ya Januari. Mikupuo miwili ya fundi, Machi na Septemba, ndiyo aliyoitegemea kuziba mashimo hayo. Fedha za kidogo kidogo zinamponyoka; alilisema hilo mwenyewe. Aliogopa laki mbili kwa sababu alijijua angezila.

Kitu kilichobadilisha hali pale uani kilikuwa kidogo hata sikukitarajia. Nyumba ya uani ina mita moja ya LUKU, umeme wa kulipia kabla. Wapangaji wanachanga, na fundi ndiye aliyekuwa ananunua kwa simu yake. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye umeme, na kuanzia Julai 2023 nyumba ya kawaida ni shilingi 1,500 kwa mwezi. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo. Kila mwezi ununuzi wa kwanza ulikuwa unatoa umeme pungufu, wenzake wakimshuku anawaibia, naye akawa anafidia kutoka mfukoni ili yaishe. Akafungua ujumbe wa LUKU mmoja mmoja, Machi hadi Novemba. Miezi tisa, 13,500.

Mama alichukua simu, akavaa miwani, akasoma zote tisa. Kisha akasema, "Hii ni yangu. Itoeni kwenye deni." Deni likawa 346,500. Si fedha nyingi, lakini tangu hapo fundi aliinua uso. Nimeona mara nyingi mwenye nyumba akisubiri mpangaji akiri kwanza. Siku hiyo mwenye nyumba ndiye aliyeanza, kwa hesabu ya kweli iliyokuwa mbele ya macho yake, na ikafungua njia.

Mke wa fundi alikuwa hajasema neno. Nilimwomba aseme. Yeye anakaanga maandazi alfajiri na kuwauzia abiria stendi, na chai ya rangi. Akasema: "Mimi elfu thelathini kwa wiki siikosi, mama. Laki saba siijui hata rangi yake."

Nadhani sentensi hiyo ndiyo iliyomaliza kesi, yaliyofuata yalikuwa kuandika tu. Nyumba ile ilikuwa na vipato viwili: kimoja kikubwa kisichojulikana saa ya kuja, kingine kidogo kinachokuja kila siku kama jogoo. Kodi ilikuwa imetundikwa kwenye kile kikubwa. Tukaihamishia kwenye kidogo.

Tulikubaliana shilingi 30,000 kila Jumapili jioni. Jumapili nne ni 120,000, kodi ya mwezi imekamilika. Mwezi ukiwa na Jumapili ya tano, hiyo inakwenda kwenye deni. Desemba 2024 ilikuwa na Jumapili tano, tarehe 1 ikiwa ya kwanza, kwa hiyo mpango ulianza kesho yake.

Kulikuwa na mzozo wa dakika ishirini juu ya njia ya kulipa. Fundi alitaka kwa simu. Mama akasema basi tuma na ya kutolea. Mke akasema ya kutolea kila wiki ni maandazi mangapi hayo? Kwa kuwa wote wanalala kiwanja kimoja, tukaamua fedha taslimu na madaftari mawili, moja la mama na moja la mpangaji, kila malipo yanaandikwa kote kote na kusainiwa. Mama ni nesi. Daftari lake lina mistari iliyopigwa kwa rula.

Fundi alipendekeza mwenyewe kufanyia kazi sehemu ya deni: vile vyumba viwili vya mbele. Hapa niliwasimamisha. Kazi ya kufidia deni ni chanzo cha ugomvi kuliko deni lenyewe, kwa sababu mdai anaiona haijaisha na mdaiwa anaiona imezidi. Nikachukua futi kamba, tukapima vyumba na choo chake: mita za mraba 38. Bei 5,000 kwa mita, mama ananunua marumaru, simenti na grauti. Jumla 190,000, inayokatwa siku kazi ikikabidhiwa, si kabla. Tukaandika. Tulisahau kuandika nani analipa marumaru zikivunjika. Zilivunjika nne, tukagawana nusu kwa nusu baada ya maneno ya siku mbili. Sasa hivi kila karatasi yangu ya namna hiyo ina mstari wa vilivyovunjika.

Njia nyingine zilitajwa zikapita. Kuwahamishia chumba kimoja cha bei ya chini: mke akakataa, watoto wamekua. Kupunguza kodi: sikuona sababu, kwa kuwa kiasi kilikuwa hakijamshinda mtu.

Karatasi ilikuwa na kifungu kimoja kigumu, nilikitaka mimi. Jumapili moja ikipita kimya bila mpangaji kutokea kusema, au Jumapili tatu mfululizo bila malipo hata kama amesema, notisi ya mwezi inaanza na hakuna maneno. Notisi yenyewe niliiandika jioni ileile, tarehe zikiwa wazi, ikakaa kwenye faili. Fundi aliisoma. Mke akasaini pia, mara ya kwanza jina lake kuingia kwenye karatasi yoyote ya nyumba anayoishi.

Niseme wazi: kuna wapangaji ambao ningewaandikia notisi siku hiyohiyo na kujaza tarehe. Mwenye fedha anayekuzungusha kwa makusudi, anayeharibu nyumba, anayewatishia wenzake. Kwa hao, kuongea sana ni kuwapa muda. Dalili ya fundi ilikuwa kwenye zile 350,000 zilizorudishwa. Mtu asiyetaka kulipa haji mara mbili na fedha mkononi.

Desemba ilikwenda vizuri, Jumapili tano, shilingi 150,000. Mama alipata mwezi huo zaidi ya alichopata kwa fundi miezi mitatu iliyotangulia kwa pamoja, kwa kuwa hiyo alipata sifuri. Deni likashuka hadi 316,500.

Kisha Januari. Shule zikafunguliwa. Januari 5 akaleta. Tarehe 12 mke akaja mikono mitupu na kusema mtaji wa unga umekwenda kwenye sare na viatu. Tarehe 19 akaja tena mikono mitupu. Simu yangu ikalia usiku.

"Mwanangu, deni limepanda. Liko juu kuliko tulipoanza. Umenidanganya."

Hesabu yake ilikuwa sahihi. Tulikuwa tumeanza na 346,500, sasa tulikuwa tunaelekea 376,500. Nilikwenda kesho yake, nikakuta ile notisi aliyoniomba nakala yake iko mezani, kalamu pembeni. Sikumtetea fundi. Nilimwomba afungue daftari lake la rula. Kwenye Januari 12 na 19 alikuwa ameandika kwa mkono wake: "Amekuja. Hana." Nikamuuliza Novemba angeandika nini. Akasema, "Kajificha."

Alisubiri. Januari 26 zikaja 30,000, kwa noti za elfu mbili mbili na sarafu, zinanukia mafuta ya maandazi. Ilikuwa imebaki Jumapili moja tu ile notisi ijazwe tarehe, na mimi ningeijaza.

Marumaru zilichelewa kwa upande wa mama, si wa fundi. Fedha za Desemba zilikwenda kwenye marejesho, akanunua marumaru Februari kwa pensheni. Lile kufuli la 15,000 likapata kazi: lilifunga chumba cha mbele maboksi yasiibwe, na ufunguo mmoja alikuwa nao fundi. Alifanya kazi jioni na siku za mapumziko, akakabidhi Februari 23. Mama alivua viatu akapita miguu mitupu chumba kizima kutafuta palipoinuka. Akapata mahali pamoja, pakarudiwa. Deni likawa 186,500.

Jumapili ya tano ya Machi ikalishusha hadi 156,500. Mwezi huohuo vyumba vya mbele vikapata mpangaji, saluni ya kike, 150,000 kwa mwezi. Vyumba hivyo vilikuwa vimekaa na zege tupu kwa miaka miwili vikisubiri fedha za kumlipa fundi, kumbe fundi mwenyewe alikuwa analala hatua thelathini kutoka hapo.

Aprili mkandarasi mdogo akalipa sehemu ya deni la mwaka uliopita. Fundi alileta 120,000 usiku uleule. Nilimuuliza baadaye kwa nini hakungoja Jumapili, akasema alihofia zikilala ndani zitatumika. Zilibaki 36,500, na Jumapili ya tano ya Juni zikabaki 6,500.

Siku hiyohiyo, Juni 29, akatoa notisi yake. Alikuwa amepata kazi ya muda mrefu upande wa Msalato, kulikokuwa kukijengwa uwanja wa ndege, na nauli ya kila siku ingemmaliza. Mwezi mmoja kamili, kwa maandishi, na sahihi mbili, yake na ya mkewe. Sikuwa nimemwelekeza.

Alihama Julai 31. Nilidhani mama angemsamehe zile 6,500. Mjumbe naye alidhani hivyo, hata akalitamka. Mama akamtazama tu. Fundi akazitoa, akazihesabu, mama akaandika kwenye madaftari yote mawili, akapiga mistari miwili kwa rula chini ya sifuri, wakasaini. Ndipo akaingia ndani akatoka na kilo tano za unga wa uwele kwa ajili ya watoto.

Chumba kilikaa wazi siku kumi na moja. Dalali alimleta dada mmoja mwajiriwa wa Mtumba, ana miezi sita taslimu kwenye pochi. Mama hakuzipokea. Akamwambia akae, akamuuliza kazi yake inalipaje. Dalali akacheka: mama, mtu ana hela mkononi, unamuuliza mshahara? Yule dada akasema mshahara unaingia tarehe 24 au 25.

"Basi utaniletea tarehe 26, mwezi kwa mwezi," mama akasema, na kuvuta rula.

Mpwa wake bado anasema shangazi amelainika.